Mwarabu wa Jumatano

Siku sita katika wiki Bi Shemsa alikuwa Mshihiri, jina la Waarabu wa kudharauliwa. Akigombania bei na muuza dagaa, Mshihiri. Akichelewa kurudisha sinia la watu, Mshihiri. Maji aliyomwaga barazani yakimrukia mpita njia, huyo mpita njia hakutafuta jina la pili. Lakini Jumatano ikifika, adhana ya adhuhuri ikishatoka tu, wanawake wa Malindi walimjaa ukumbini na mabuibui yao yanayonuka udi, na jina lishabadilika njiani.

"Hodi humu. Bibi Mwarabu wetu keshavaa?"

Bi Shemsa alikuwa akilisema jambo hili kwa mumewe kila wiki, mpaka mume akalihifadhi. Kwamba yeye ni Mwarabu wa Jumatano, na Alhamisi asubuhi keshakuwa Mshihiri tena. Muhiddin, aliyekuwa na kiduka cha papa na ng'onda wakavu karibu na soko, alimsikiliza kama anavyosikilizwa khatibu wa Ijumaa: kwa adabu, bila ya kujibu.

Jumatano ndiyo ilikuwa sinema ya wanawake. Wakati ule, miaka ya hamsini na kitu, mwanamke wa mjini mwenye kujiheshimu hakukaa gizani pamoja na wanaume wasiomhusu, hata picha iwe nzuri namna gani. Basi mwenye sinema aliwatengea siku moja, saa nane u nusu mchana. Mwanamme wa karibu alikuwa Mjaka peke yake, Mtumbatu wa makamo aliyekata tiketi mlangoni kisha akaupa ukumbi mgongo kama mtu aliyeadhibiwa. Huko ndani mabuibui yalivuliwa, asumini zikanukia, na mtu aliweza kucheka mpaka akamlalia mwenziwe.

Picha walizozipenda zilitoka Misri. Ndani yake mlikuwa na mabibi wenye nyusi nyembamba, wakwe wabaya, mabwana wanaokwenda na kurudi, na maneno mengi, na katika maneno hayo hakuna aliyejua hata moja. Wote walikuwa wamekhitimu msahafu, Kiarabu cha Mungu wanacho, lakini cha kumwambia mtu "ondoka nyumbani kwangu" hawakuwa nacho. Ndipo Bi Shemsa akawekwa kiti cha kati, safu ya kati, kila Jumatano, atake asitake. Bibi wa Kimisri akifungua mdomo tu, safu nzima inamgeukia: "Anasema nini?" Yeye akisema, neno linapokewa na kupitishwa mbele na nyuma, safu kwa safu, na kila safu inaongeza chumvi kidogo. Likifika kwa waliokaa nyuma kabisa, "bwana kasafiri" lishakuwa "bwana kafa", nao wameanza kulia kabla ya wakati.

Kitu ambacho hawakukijua, na Bi Shemsa hakuona sababu ya kuwajulisha, ni kwamba yeye naye nusu ya maneno yale hakuyasikia. Wamisri herufi ya jimu wanaitamka ga, kafu wanaimeza nzima, na wanasema mbio kama wanaofukuzwa. Mara ya kwanza aliposhindwa alisita, akaona nyuso ishirini zimemkazia macho gizani, na mmoja kesha kumnong'oneza mwenziwe kwamba Mshihiri kitu gani anachokijua. Hakusita tena maisha yake. Alijifunza sauti ya kufasiria. Ilikuwa nzito kidogo, ya chini, inayotoka pale pale bila ya mwanya, sauti isiyo na shaka hata chembe. Kwa sauti hiyo aliwaua wakwe waliokuwa wazima wa afya. Aliwarejesha wake walioachwa. Mara moja alimsilimisha daktari mzima kwa sababu alimwona ana uso mzuri. Wanawake wakatoka wameridhika, na picha ikawa bora kuliko ilivyotoka Misri.

Yeye mwenyewe hakuwahi kutazama picha hata moja kwa raha. Hilo nalo likimwudhi. Wenziwe wanatafuna njugu, yeye anafanya kazi.

Ilikuwa mwezi wa mfunguo tatu, mwaka wa hamsini na tano, yalipotokea haya ninayoyasimulia. Kabla ya picha yenyewe huoneshwa habari: mfalme gani sijui anakagua askari, meli inateremshwa majini, bwana mnene anakata utepe. Habari zilikuwa kwa Kizungu na hakuna aliyezitazama. Ule ndio wakati wa kutafuta kiti, kugawana kashata na kuulizana nani kaposwa. Bi Shemsa alikuwa ametia mkono katika karatasi ya njugu ya jirani yake Mwatum, akainua macho kwa bahati tu.

Alikiona kilima. Kikavu, hakina jani, kimesimama nyuma ya mji kama ukuta wa ua. Chini yake nyumba nyeupe zimebanana mpaka kwenye maji, na mnara mwembamba umetoka katikati. Bandarini watu wenye vikoi vifupi wanabeba magunia, na ngamia amepiga magoti.

Mkono wake ukabaki mle mle ndani ya njugu.

"Hawa nao wanasema nini?" aliuliza Mwatum, akamvuta ukaya wa kichwani.

Na safu ya nyuma ikamgonga bega kutaka kujua, na ya mbele ikageuka na vichwa vyao na misuko yao, wamemziba kabisa. Bi Shemsa akapindua shingo kuwaambia wanyamaze, kwani Kizungu yeye anakijulia wapi. Aliporudisha macho, farasi walikuwa wanashindana mbio.

Siku hiyo picha kubwa ilipoanza hakufasiri neno. Bibi wa Kimisri alilia akaanguka juu ya kochi, wakamwuliza anasema nini, akawajibu kwamba anasema mnyamaze. Neno likapokewa, likapita safu kwa safu, na huko nyuma kukatokea ugomvi wa nani kamwambia nani anyamaze.

Bi Shemsa aliletwa Unguja ana miaka kumi na sita. Baba wa Muhiddin ndiye aliyetuma barua kwao kuchumbia, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa mtu wa huko na alitaka mkwe wa huko. Mwanawe lakini alizaliwa hapa hapa, na kilima cha kwao alikijua kwa kuhadithiwa. Kwa hiyo ndani ya nyumba ile, mzee alipokufa, aliyewahi kuiona nchi hiyo kwa macho alibaki Bi Shemsa peke yake. Barua za kwao zilikuja mbili kwa mwaka, halafu moja, halafu ikaja ya msiba wa baba, halafu ya msiba wa mama, na baada ya hapo kaka zake wakaona hakuna tena habari ya kuandika. Miaka ishirini na nne. Alizaa watatu, akapika wali wa nazi kama aliyezaliwa nao, akaota ndoto kwa Kiswahili.

Jioni ile alimtaka Muhiddin ampeleke sinema siku ya Ijumaa, kwani mke aliyefuatana na mumewe hasemwi na mtu, na habari zile zile zilikuwa zinaoneshwa mpaka Jumanne. Muhiddin akasema ana kikohozi. Kisha akauliza, kwa upole, na huo upole ndio uliomchoma mkewe: akishaiona, atafanya nini?

"Nitaiona," alisema Bi Shemsa.

Muhiddin akasema mji ni mji, nyumba na misikiti, na hata hapa ipo. Bi Shemsa alimletea dawa ya kikohozi, akaikoroga kwa nguvu ambayo dawa haikuihitaji.

Kesho yake alikwenda kwa Mjaka. Mjaka alikuwa anafagia maganda ya njugu, akamwamkia vizuri, akasikitika naye vizuri, na hakumsaidia kitu. Alisema habari hazirudiwi siku ya wanawake. Jumatano zinakuja mpya, na hizi zinatiwa katika bati lake na kupakiwa melini. Yeye mwenyewe, alisema, miezi yote anayokaa mlangoni hajawahi kuona mtu anayeulizia habari. Watu wanataka picha ya mapenzi.

Hasira alizokwenda nazo nyumbani zilikuwa na haki zote, lakini chini yake palikuwa na kitu kingine, na hicho hakumwambia mtu. Alipokaa anatwanga, alijaribu kuuweka ule mji sawasawa. Kilima, sawa. Nyumba, sawa. Lakini mnara ulikuwa upande upi? Na mlango wa nyumba yao, ukitoka, unakutana na nini? Alijaribu kutoka mlangoni humo kwa mawazo mara tatu, mkono mchini, na kila akitoka anajikuta Malindi, mbele ya duka la Banyani. Akautwanga ule mpunga mpaka ukawa unga. Angeiona tena ile picha, hata kwa kitambo cha kumeza mate, angeujua mlango wake. Hicho ndicho alichokuwa akikitaka, na ilimkera kwamba alilazimika kukiomba.

Mwatum alikuja siku ya tatu kuuliza kama amenuniwa. Akaambiwa ndiyo. Akaambiwa na sababu zake, kuanzia ukaya uliovutwa mpaka vichwa vya safu ya mbele, na kwamba kwetu kumepita mbele ya macho yangu nanyi mnaniuliza hawa wanasema nini.

Mwatum alikuwa mtu wa Makunduchi, mpana, mwenye sauti ya kuitia watu walioko pwani, na watu wa mjini walikuwa wakimcheka maneno yake ya shamba. Kila sikukuu ya Mwaka alifunga mkoba akenda kwao.

"Mie kwetu napanda gari la shamba asubuhi, alasiri nshafika," alisema. "Wewe kwenu kumekuja kwenyewe mpaka hapa, na sisi tumekuziba. Si vyema hata kidogo."

Akaondoka bila ya kunywa kahawa, jambo ambalo halijapata kutokea.

Jumatano ilipofika hakuna aliyekata tiketi. Walikuja wote, kutoka Malindi, Mkunazini na hata Ng'ambo, wakasimama njiani mbele ya sinema. Mjaka alipofungua mlango Mwatum akamwambia hawaingii mpaka watiliwe habari za wiki iliyopita. Mjaka akapanda juu kwa mwenye sinema, akashuka. Akasema bwana anasema habari mpya zimekuja, nzuri zaidi, na zile za zamani zimeshapakiwa ndani ya bati.

"Kalipakue," alisema Mwatum.

Mjaka akapanda, akashuka. Bwana anasema haijapata kutokea. Mwatum akasema na itokee, kisha akakaa kitako kwenye ngazi, na Mwatum akikaa kwenye ngazi ile hapiti hata paka. Wengine nao wakakaa. Mwenye sinema alichungulia dirishani, akaona njia imekuwa nyeusi kwa mabuibui mpaka kwenye kona, na nyuma yao gari la mkokoteni limekwama na mwenyewe anatukana. Mjaka alishuka mara ya tatu, anajifuta shingo, akasema karibuni.

Bi Shemsa aliyatazama yote haya amesimama pembeni, na usidhani alilainika. Aliona kwamba wangeweza kufanya hivyo tokea mwanzo.

Wakamkalisha kiti chake cha kati. Safu ya mbele ikainamishwa vichwa kwa amri. Mwatum akatangaza kwamba atakayeuliza anasema nini, watajuana baada ya sinema. Kulia kwa Bi Shemsa akakalishwa Mwanamwema, mwalimu wa skuli ya wasichana, mtoto wa watu mpole asiyefika miaka ishirini na mitano, kwa sababu yeye alijua kusoma maandishi ya Kizungu, na safari hii walitaka kila kitu kiwe sawasawa.

Taa zikazimwa. Maandishi meupe yakatokea, yakaondoka. Halafu kilima.

Ukumbi mzima ulikuwa kimya mpaka mashine ikasikika inavyokoroma huko juu. Bi Shemsa alishika mikono ya kiti. Kilima kilikuwa chenyewe, lakini kilikuwa na meno, kimechongoka kama jiwe lililovunjwa. Nyumba zilikuwa nyeupe. Wabebaji walikuwa wale wale, na yule ngamia. Akautafuta mnara, akaupata, na safari hii hapakuwa na kichwa cha mtu kilichoukata. Ulikuwa na saa. Uso wa saa, wa duara, na mishale yake miwili. Msikiti gani huo wenye saa, na mji gani huo wenye njia pana hivyo, na motokaa, na Mzungu amevaa kaptura anavuka?

Basi wiki nzima alikuwa akigombana na dunia kwa ajili ya mji wa watu wengine. Na wiki nzima hakujua kwamba si wake.

Hapo Mwanamwema akamwinamia. Alizungumza kwa sauti ya chini, nzito kidogo, iliyotoka pale pale bila ya mwanya.

"Pameandikwa Shihiri, Bi Shemsa. Ni kwenu."

Mwatum akalisikia, akashindwa kujizuia, akapiga kigelegele. Kikapokewa mbele, kikapokewa nyuma, ukumbi wote ukawa vigelegele kama mtu kaolewa. Na Bi Shemsa akaisikia ile sauti ya mwalimu inazunguka kichwani mwake. Aliijua. Miaka minne alikuwa akiitumia yeye. Mtoto yule kauona uso wake gizani, kaona kuna msiba, kaamua kumfufua mtu.

Lakini kamfufulia nini? Shihiri. Kwa sababu Mshihiri hutoka Shihiri, iweje tena. Shihiri ambako Bi Shemsa alilala siku moja tu maishani mwake, akiwa mtoto wa miaka saba, na hakukumbuka kitu ila kwamba kulikuwa tambarare tupu, hakuna kilima hata cha kumfichia mbuzi.

Akasimama. Mwanga wa mashine ukampiga kichwani, na kivuli chake kikakaa katikati ya kitambaa, kikubwa, kimeuziba mji wote.

"Mie si wa Shihiri," alisema. "Mie wa Mukalla. Miaka ishirini na nne mnaniita Mshihiri, mnakula kwangu, mnalia msibani kwangu, mnanivuta ukaya nikufasirieni maneno ya Wamisri. Hajaniuliza mtu hata siku moja: Bi Shemsa, kwenu wapi?"

Vigelegele vikakatika. Kisha kutoka huko nyuma, mtu asiyeweza kujizuia akauliza anasema nini. Safu ikamjibu safu. Anasema kwao si kule. Anasema haendi kwao. Anasema hana pa kwenda. Likafika kwa waliokaa mwisho kabisa kwamba Bi Shemsa kapewa talaka tatu, nao, wanawake wazuri wale, wakaanza kulia.

Alikaa kitako. Mbele yao farasi walikuwa wanashindana mbio. Mwanamwema alikuwa amefunika uso kwa mtandio, akasema kwa sauti yake mwenyewe safari hii, ndogo, kwamba pameandikwa Aden, na kwamba anaomba radhi, alimwona alivyoshika kiti.

"Saa nimeiona," alisema Bi Shemsa. "Na wewe, mwanangu, ukitaka kumdanganya mtu, muulize kwanza umdanganye nini."

Picha kubwa ikaanza. Bibi mwenye nyusi nyembamba akaingia chumbani, akasema maneno matano sita, na hakuna aliyethubutu kugeuza shingo. Akasema mengine. Wanawake mia mbili walitazama mbele, hawaelewi kitu, wametulia kama waliokaa khitma. Bi Shemsa alivumilia mpaka alipoingia mkwe. Hapo akaona haya ni maudhi mengine tena, kukaa na watu wazima wanatazama midomo ya watu. Akawaambia huyo mkwe anasema mtoto si wa mwanawe. Alilisikia neno moja tu katika hayo, nalo lilikuwa "mtoto".

Walirudi jua limepungua ukali. Mwatum alitembea ubavuni kwake. Bi Shemsa alimwacha afuatane naye. Alikuwa bado na hasira, na alikuwa hajaamua za nani: za mwalimu, za Muhiddin na kikohozi chake, au za mtu mzima aliyetazama saa akaona msikiti.

Mbele ya duka la Banyani Mwatum akasimama.

"Haya, nami nauliza, ijapokuwa nimechelewa," alisema. "Huko Mukalla kwenu. Mtu akitoka nyumbani kwenu, mlango unaangalia wapi?"

Wale waliokuwa wanafuata nyuma nao wakasimama. Wakamkazia macho, nyuso kumi na kitu, wanangoja, na safari hii hakuna aliyetafuna.

"Unaangalia baharini," alisema Bi Shemsa. "Mkono wa kulia msikiti, mkono wa kushoto kisima."

Alijibu pale pale, kwa sauti nzito kidogo, ya chini, isiyo na shaka hata chembe.